Egemeo la pikipiki hupimwa mgongoni mwa abiria

Abiria anayekwenda Kibosho au Uru hukaa vizuri mwanzo wa safari. Bado tuko mjini Moshi, barabara imelala, mkono mmoja ameuweka gotini na mwingine umeshika simu. Mlima ukianza, siti inainamia nyuma naye anaanza kuteleza. Kinatangulia kiuno, yanafuata mapaja, na mwisho amekalia chuma cha keria. Hapo mikono yake inakuja mabegani mwangu, na akiwa mwoga inafika hadi kwenye kola ya jaketi. Navutwa nyuma wakati mimi nataka kuinama mbele, huku tairi la mbele likizidi kuwa jepesi mpaka usukani unalegea mikononi. Dereva wa milimani anaujua ulegevu huo, na akiupata kwenye kona yenye kokoto moyo unamwenda mbio.

Natumia Boxer 150 kwenye njia hizo, na kwa muda sasa ina egemeo la abiria nyuma ya siti. Nimeishi nalo masika na kiangazi. Nimeamua kuandika kwa sababu naona vijana wengi wanafunga maegemeo siku hizi, na mengi yanafungwa kwa kuangalia pikipiki itapendeza vipi ikiwa imeegeshwa kijiweni. Kitu kile kinabeba uzito wa mtu mzima anayekuamini. Kikikatika katikati ya mlima, yule aliyekuwa amekiegemea anaanguka chali, kichwa kikitangulia.

Aliyenifanya nilitafute ni mama yangu mkubwa. Anakaa Kibosho, magoti na kiuno vinamsumbua, na ana kliniki hospitali ya KCMC. Kushuka mjini hapati tabu sana; kurudi ndiko kunakomchosha. Ilikuwa tukifika nyumbani hashuki mara moja. Anakaa kwanza, anakunjua vidole kimoja kimoja kwa sababu vimekaza kwa kunishika, halafu ananiambia, "Pole mwanangu, nimekuvuta sana leo." Yeye ndiye anayeumwa na yeye ndiye anayenipa pole. Niliona nikiendelea kumpandisha vile, siku moja vidole vitaachia.

Madukani mjini yapo maegemeo yaliyokwisha tengenezwa, mto mdogo mweusi na vibati viwili vya kufungia, yenye matundu marefu ili yaingie kwenye pikipiki yoyote. Niliyashika kadhaa mkononi. Mto wake hauna neno: sponji ngumu, leza imeshonwa vizuri, haipitishi maji kirahisi. Mashaka yangu yalikuwa kwenye vibati. Vina unene wa milimita mbili hivi, na vyote viwili vinakaa karibu karibu chini, kwa hiyo mzigo wote wa juu unaishia sehemu moja. Jirani yangu wa kijiweni alikuwa amefunga la namna hiyo. Kibati kilianza kupasuka kwenye ukingo wa tundu la bolti, ufa mwembamba kama unywele uliojificha chini ya rangi, na aliugundua siku anaosha pikipiki. Chuma kinachokunjwa kidogo kidogo kila siku hupasukia hapo, kwenye tundu au kwenye kona kali, na hakikupi dalili mpaka kiwe kimefika mbali.

Aina nyingine, ambayo mimi siishauri kabisa, ni ile inayofungwa kwenye siti yenyewe. Siti nyingi za pikipiki za sasa, ukivua leza na sponji, chini yake unakuta sahani ya plastiki. Ile imetengenezwa kubeba makalio yanayoikandamiza kutoka juu. Mgongo unaosukuma kwenda nyuma ni nguvu nyingine kabisa; itaing'oa siti kwenye vishikizo vyake. Egemeo lishikwe na fremu, au na keria ambayo yenyewe imefungwa kwenye fremu kwa bolti nene na haichezi ukiitikisa.

Nguvu yenyewe inahesabika, na hesabu yake ndiyo iliyonifanya niwe mkali kwa fundi. Chukua abiria wa kilo 80 kwenye mlima wa asilimia 15, yaani kila mita 100 unazokwenda mbele unapanda mita 15. Mlima peke yake unamvuta nyuma kwa nguvu ya karibu kilo 12. Sasa ondoka na gia ya kwanza baada ya kusimama kumpisha mtu, ongeza kilo nyingine kama 16 za ule mshtuko wa kuondoka. Tuseme jumla ni kilo 30 zinazosukuma mto. Mto uko sentimita 30 juu ya bolti ya juu, na bolti ya juu na ya chini zimeachana sentimita 10. Bolti ya chini inavutwa kwa kilo 90 na ya juu kwa kilo 120, zikigawanywa kulia na kushoto. Ukiziachanisha sentimita 20, chini panabaki kilo 45 na juu 75. Mtu ni yule yule, mlima ule ule, chuma ni kile kile. Umesogeza tundu tu. Na hiyo ni bila kuhesabu tuta. Ukiruka tuta au ukipita kwenye rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, kwa kasi, nguvu inakuja kwa kishindo na inazidi hapo.

Kwa hiyo nilinunua mto peke yake na vyuma nikaenda kutengenezewa na fundi wa kuchomelea pale Majengo. Nilimchagua kwa sababu nimeona keria zake zinabeba mikungu ya ndizi kutoka Kibosho mpaka soko la Mbuyuni mwaka nenda mwaka rudi, na hakuna iliyolegea. Alipoona nimekuja peke yangu na pikipiki akaniuliza, "Abiria yuko wapi?" Nikamwambia yuko nyumbani, ni mama yangu mkubwa. Akasema, "Mlete. Mimi sipimi pikipiki, napima mtu."

Siku ya kliniki tukampitia. Mama mkubwa alishangaa kuletwa gereji.

"Shikamoo mama," fundi akamwamkia, akafuta mikono.

"Marahaba baba. Mnataka kunifanya nini?"

"Tunakutengenezea mahali pa kuegemea. Panda kwanza, ukae kama unavyokaa siku zote."

Akapanda, na mimi nikapanda mbele, maana pikipiki haikai sawa na mtu mmoja. Fundi akatuacha tutulie. Alitaka sponji ibonyee na shokapu zishuke, kwa sababu ukipima siti tupu unapata urefu wa uongo. Mtu akikaa anazama, na mto uliotegemea uguse kiuno unamkuta mbavuni. Akachukua kadibodi ya boksi la tairi, akaikata umbo la pembe, akaisimamisha nyuma ya mama mkubwa na kuanza kuisogeza taratibu, juu, chini, mbele, nyuma. Alikuwa anamtazama uso, hatazami kadibodi. Mama mkubwa akanyamaza, halafu akasema, "Hapo. Hapo hapo baba, usipandishe tena." Fundi akachora kwa chaki pande zote mbili, kwenye kadibodi na kwenye keria.

Alama ile ilikuwa chini kuliko nilivyodhani. Ukingo wa chini wa mto ulikuwa kama sentimita nane juu ya siti na ukingo wa juu haukufika kwenye mabega. Mimi nilikuwa na picha ya kitu kirefu, cha kuegemea mgongo mzima. Fundi akanionyesha kwa mkono: anayeteleza ni kiuno, ukikizuia kiuno mtu mzima amezuilika. Mto ukipanda hadi mabegani, abiria anajilaza, uzito wake unasogea nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, na ule wepesi wa tairi la mbele tuliokuwa tunaukimbia unarudi. Isitoshe, helmeti inagonga chuma kwenye kila shimo. Ile nafasi ya sentimita nane chini nayo ina kazi yake. Makalio yanahitaji pa kwenda, la sivyo mto unamsukuma mtu mbele kwa chini na kumkunja kiuno.

Akaulaza mto kidogo kwenda nyuma, kama nyuzi 10 hivi. Ukiwa wima kabisa, kwenye barabara tambarare abiria anajisikia anasukumwa. Ukilala sana, anasinzia. Hilo la kusinzia nitalirudia.

Kuhusu kazi ya vyuma sitasema sana, kila fundi ana mkono wake. Lakini kuna mambo ambayo mwenye pikipiki ayasimamie mwenyewe. La kwanza, vyuma vichomelewe chini, pembeni, vikipoa ndipo vifungwe kwa bolti. Ikilazimu kuchomelea kitu kikiwa kwenye pikipiki, betri ifunguliwe kwanza, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kupita kwenye nyaya na kuua rektifaya na vifaa vingine vya umeme. Na cheche zisiwe jirani na tanki wala sponji. Fundi wangu alitumia vibati vya milimita 5 badala ya vile vya dukani, akaongeza sapoti ya mshazari kila upande ili kupata pembetatu, na bolti akazitanua mpaka karibu sentimita 20. Matundu aliyatoboa kwa drili. Ukimwona fundi anatoboa tundu kwa kuliyeyusha na stiki ya kuchomelea, mzuie kwa heshima. Tundu lile lina meno pembeni, na kwenye meno ndiko ufa unakoanzia.

Bolti tulizotumia ni za milimita 8, zinazofungwa kwa spana namba 12 au 13, zenye maandishi 8.8 kichwani. Namba hiyo inaonyesha daraja la ugumu wa bolti. Zile laini zisizo na alama yoyote, ambazo mara nyingi ndizo zinazokuja ndani ya mfuko wa egemeo la dukani, niliziacha kwenye mfuko wake. Nati ni za aina ile yenye pete ya plastiki ndani, na chini yake washa pana. Pikipiki ya silinda moja inatetemeka muda wote, na mtetemo ndio unaofungua nati za kawaida pole pole huku wewe unadhani umekaza. Nikishakaza, napaka mstari mwembamba wa rangi nyeupe kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Asubuhi unaona kwa jicho tu, huhitaji spana. Safari za mwanzo nilizikaza tena kwa sababu rangi mpya chini ya washa hubonyea na kuacha nafasi. Baada ya hapo mistari imebaki ilivyo.

Rangi ya kuzuia kutu ipigwe mpaka ndani ya ncha za paipu, na ncha zizibwe. Mvua za Machi mpaka Mei huku kwetu hazina huruma, na paipu iliyo wazi inaoza kutokea ndani. Angalia pia egemeo lisifunike taa ya breki, indiketa wala pleti namba. Mimi nilibandika na kipande cha kuakisi mwanga nyuma ya mto, kwa kuwa ule ubao mweusi mgongoni mwa abiria aliyevaa jaketi jeusi unamfanya apotee kabisa usiku.

Baada ya kufunga ndipo nilipoanza kujifunza mambo ambayo hakuna fundi angeniambia.

Kupanda kwenyewe kumebadilika. Abiria wa Moshi amezoea kurusha mguu juu ya keria kutokea nyuma, na sasa kuna chuma. Anatakiwa akunje goti na kulipitisha mbele ya mto. Kijana hana tatizo. Mama mkubwa goti halikunjiki. Dawa yake ikawa kumsogeza kwenye msingi wa nyumba au jiwe kubwa, apate urefu, anishike bega, akanyage kikanyagio cha kushoto na kuingiza mguu wa kulia taratibu. Mimi nakuwa nimekanyaga chini miguu yote miwili na breki nimeishika. Sitegemei stendi ya pembeni, kwa sababu imetengenezwa kuegesha pikipiki. Upande wa kushoto ni lazima. Eksozi iko kulia, na huku kwetu wangapi wana ile alama nyeusi ya kuungua kwenye shavu la mguu wa kulia? Mtu anayehangaika kupitisha goti ndiye anayegusa eksozi.

Wale wanaokaa upande, kinamama wenye vitenge na sketi za kubana, egemeo haliwasaidii kitu. Linawachoma ubavuni. Nimewahi kumbeba mama mmoja hivyo kwa umbali mfupi na nilimwona anavyojipinda kulikwepa. Sasa nasema mapema kabla hatujakubaliana bei: pikipiki hii ni ya kukaa kwa kutanua miguu. Wengi hufunga kanga juu ya suruali au taiti na tunaondoka. Asiyeweza namwitia mwenzangu, au namshauri achukue bajaji, na wala sioni nimepoteza. Kukaa upande mlimani ni hatari hata bila egemeo, maana mtu ana kikanyagio kimoja na hana pa kubana kwa magoti.

Jambo lililoniuma zaidi, na ambalo nataka kila mwenye egemeo alisome hata kama mengine atayaruka, ni la mtoto mgongoni. Mama akija na mtoto amembeba kwa kanga, mtoto yule anakaa pale pale mto unapogusa. Siku ya kwanza alipokuja mmoja nilishika mto, nikatazama mgongo wake, nikaona kabisa mahali ambapo kichwa cha yule mtoto kingekaa. Tukipanda mlima, uzito wote wa mama ungemkandamiza mtoto kwenye ubao. Tukiruka tuta, vile vile. Nilimwambia, "Dada, samahani, hiki chuma kitamwumiza mtoto. Ngoja nikutafutie bajaji." Alinishukuru. Ningekuwa na pikipiki isiyo na egemeo pengine nisingefikiria mara mbili, nami sasa nadhani hata hiyo haimfai mtoto mchanga. Lakini kwenye pikipiki yenye egemeo hakuna mjadala: mtoto wa mgongoni hapandi.

Mabegi nayo yana tabia hiyo hiyo, ingawa hayaumii. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika hubeba begi la mgongoni lenye kompyuta na madaftari. Begi likikaa kati ya mgongo na mto, abiria anasogezwa mbele, mimi nasogezwa kwenye tanki, na mikono yangu inakosa nafasi ya kukata kona. Naomba begi livaliwe mbele, likae kati yetu. Au alishike mapajani.

Kuhusu kusinzia. Mtu aliyepata pa kuegemea hupumzika, hasa mgonjwa anayetoka hospitali au mtu wa zamu ya usiku. Mikono inalegea, kichwa kinainama, na egemeo halina ukuta wa kulia wala kushoto. Linazuia nyuma peke yake. Mama mkubwa alisinzia mara moja tukiwa njia ya kurudi; niliisikia helmeti yake inagusa ya kwangu, nikasimama pembeni tukanywa maji. Tangu hapo huwa namwongelesha njia nzima. Namwuliza habari za migomba, nani kaoa, nani kahamia, na akikaa kimya muda mrefu napunguza mwendo nimsikilize.

Hapo ndipo linapoingia ombi ambalo nimelipata kutoka kwa watu wenye nia njema kabisa. Wanaona egemeo, wanasema, "Kaka, si tumfunge tu kanga hapo, tumshikize?" Mgonjwa hana nguvu za kukaa, gari hakuna, hospitali iko mbali, na pikipiki yangu ina kitu kinachofanana na kiti. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Mtu aliyefungwa kwenye pikipiki, ikianguka inaanguka naye, inamburuta naye. Asiyeweza kujishika mwenyewe apelekwe na gari, hata kama ni kuomba lifti kwa jirani mwenye pikapu. Najua ni rahisi kusema na ni vigumu kukaa nje ya nyumba ya mtu saa nane za usiku ukisubiri taa za gari. Nimekaa. Bado naona ni heri kusubiri.

Kushuka ni habari nyingine. Egemeo linafanya kazi safari ya kwenda juu. Ya kurudi halipo. Ukitoka Kibosho kurudi mjini, abiria anateleza mbele, anakuja juu yangu, na kila nikishika breki mgongo wangu ndio unaokuwa ukuta wake. Aliyezoea kuegemea wakati wa kupanda husahau kujikaza wakati wa kushuka, kwa hiyo sasa ananijia na uzito mkubwa zaidi kuliko zamani. Naanza mteremko na gia ndogo ili injini yenyewe izuie mwendo, breki nashika kidogo kidogo na mapema, na nawaambia abiria wabane magoti na kushika vyuma vya keria pembeni. Ule udongo mwekundu wa njia za ndani ukiloa, breki ya ghafla na mtu mzito anayekusukuma mgongoni ni njia ya moja kwa moja kwenda kwenye mfereji. Shokapu za nyuma nazo nilizipandisha ngazi moja kwa kuzungusha kile kikombe cha springi, pande zote mbili sawa, na upepo wa tairi la nyuma najaza kile kiwango cha kubeba abiria kilichoandikwa na mtengenezaji.

Kijiweni wengine waliniambia nimejifungia riziki. Ni kweli keria imepungua. Gunia haliingii, mkungu mkubwa hauingii, na mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ndiyo imekwisha kabisa, maana mto umekaa pale ambapo abiria wa pili angekaa. Kwa hili la mwisho nashukuru. Sheria inataka abiria mmoja, sote tunajua, na bado mtu na rafiki yake wakija usiku wa mvua ni vigumu kuwakatalia kwa mdomo. Chuma kinawakatalia kwa niaba yangu, na hakuna anayekasirika. Kwa upande wa mizigo, fundi alinifanyia ya kuchomoa: nguzo za egemeo zinaingia ndani ya paipu nyingine nene kidogo zilizofungwa kwenye keria, na kila upande kuna pini ya chuma yenye klipu. Siku ya soko nachomoa, naliacha nyumbani, nabeba ndizi. Pini ziwe za chuma kigumu, zipite kwenye matundu yasiyo na nafasi, la sivyo egemeo linapiga kelele njia nzima na matundu yanazidi kupanuka. Nimefungia uzi mfupi kila pini ili isipotee.

Wateja wapya wamekuja, na karibu wote ni watu wazima. Wazee wanaokwenda kliniki, kinamama wanaorudi sokoni mikono imechoka. Wananipigia simu kabla, wananisubiri hata kama nachelewa. Mama mkubwa sasa akishuka hakunjui vidole. Anashika tu kiuno, ananiuliza kama nimekula.

Juzi mwenzangu mwenye TVS alikuja kuazima ile kadibodi ya boksi la tairi, aende nayo kwa fundi apunguze muda. Nikampa. Fundi akaitazama, akamrudishia. Matundu ya keria hayalingani, urefu wa siti ni mwingine, na wateja wa yule bwana ni wanafunzi, siyo akina mama wa Kibosho. Akamwambia aje asubuhi na abiria wake mzito kuliko wote, na aje na begi lake mgongoni.